Hakuna Mtu Ndani

Misuzu alikuwa hajalitia mdomoni tonge la wali aliposikia watoto uani wakipiga kelele, "Renpi! Jamani, kazuri hako!"

Akashangaa, maana Renpi alikuwa yeye. Vazi lile la kikaragosi, lililoshonwa kwa umbo la mzizi wa yungiyungi, zao la mji wao, lenye kichwa kikubwa, mashavu ya waridi na matundu usoni, yeye ndiye aliyelivaa kila siku ya maonyesho, na punde tu alikuwa amelivua akaliacha kwenye kiti stoo.

Akachungulia dirishani. Renpi alikuwa langoni anapunga mkono.

"Bosi," akanong'ona, "nani kavaa?"

Bosi wake, Bwana Kuzumi, hakuwa mtu mbaya. Kila kiangazi alimfunga Misuzu kitambaa cha barafu shingoni kwa mikono yake mwenyewe. Lakini sasa alitazama mlangoni kama aliyesikia tusi.

"Shh! Renpi havaliwi. Hakuna mtu ndani."

"Hayo tunawaambia watoto. Mimi nakuuliza wewe."

"Hakuna mtu ndani, mama Wakana. Hebu kula."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya kazi. Anayeingia humo hasemi, hakohoi, wala havui kichwa mbele za watu hata akiishiwa pumzi. Na ukiulizwa, jibu ni hilo moja. Misuzu mwenyewe alikuwa amelisema mpaka ulimi wake ukalizoea. Leo akalirudisha tonge sahanini.

Akaenda stoo. Kiti kilikuwa kimelowa. Sakafuni palikuwa na tope jeusi, lile la mabwawa ya yungiyungi, likinuka mabua yaliyooza, na nyayo zilielekea nje, hakuna hata mmoja ulioingia.

"Bosi, njoo uone!"

"Misuzu, nakuomba. Wageni wamejaa."

Akatoka mbio. Penye mahema akakutana na mama mkwe wake, ana kofia ya Wakana mkononi.

"Mama, Wakana yuko wapi?"

Bibi akacheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Si nimekukabidhi wewe? Nilijua ni wewe humo ndani. Akakushika mkono, mkaenda zenu… Misuzu, sasa wewe umetokaje?"

Misuzu alikimbia akipita vibanda vya tambi na watu waliompisha huku wakitabasamu, akipita ua wa mianzi, akipita mahali ambapo ngoma za maonyesho hazikusikika tena bali vyura tu, na kadiri alivyokimbia ndivyo ile harufu ya tope ilivyomjaa puani, mpaka akafika ukingoni mwa bwawa akaona kile kichwa kikubwa chenye mashavu ya waridi kikizama polepole katikati ya majani mapana, na mbele yake mwanawe wa chekechea, maji kifuani, anacheka.

"Wakana! Mama yuko huku!"

Mtoto akageuka. Akamtazama yeye, akamtazama Renpi. "Mama ni huyu," akasema.

Misuzu akajitupa majini. Akamvuta mtoto kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akaikamata zipu ya mgongoni. Nyuma yake Bwana Kuzumi alikuwa amefika, anahema, kundi la watoto likimfuata. "Usifungue! Watoto wanatazama!"

Akafungua. Ndani mlikuwa na maji meusi tu, na kutoka chini kabisa, sauti ya Misuzu mwenyewe ilisema kwa upole, "Njoo kwa mama." Kisha vazi likanywea, likaelea kama ngozi.

"Renpi kachoka, wapenzi!" Bwana Kuzumi akawapigia watoto kelele. Kisha akamwinamia Misuzu, akamfunika mabega kwa koti lake. "Litafuliwa. Kesho shule zinakuja."

"Bosi, hukuona?"

"Niliona vazi."

Jioni Misuzu alimkogesha Wakana kwa maji ya moto, akamkausha, akampakata. Mtoto akamkumbatia, vidole vyake vikimtambaa mgongoni, kuanzia kisogoni kushuka taratibu, pingili kwa pingili.

"Unatafuta nini, mwanangu?"

"Zipu," akanong'ona Wakana. "Nataka mama atoke."