Hati Aliyoisoma Kokuberwa

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Kokuberwa aliteka maji bombani, akafagia uwanja, kisha akamtolea mama yake charahani barazani. Mama yake, Demetria, alikuwa mjane. Marehemu mumewe, karani wa bandarini aliyetoka Bukoba, aliwaachia nyumba hiyo ya Kinondoni, nao waliishi kwa ushonaji wa mama.

Mwaka 1953 Mama Demetria alipata kiwanja Temeke. Alitaka kujenga nyumba ya pili ya kupangisha, ili Kokuberwa aendelee na masomo hata siku ambazo wateja wa kushonewa ni haba. Mfanyabiashara mmoja, Mzee Remtulla, alikubali kumkopesha shilingi elfu moja na mia mbili, mradi nyumba ya Kinondoni iwekwe rehani mpaka deni liishe.

Hati ya rehani iliandikwa kwa Kiingereza. Mama hakujua kusoma. Kokuberwa alikuwa darasa la sita. Siku mama alipoileta hati nyumbani, jirani yao Bi Mwajabu alikuwa amekaa nao barazani.

"Tusomee, mwanangu," mama alisema, akamgeukia jirani. "Huyu Kiingereza anakisoma kama marehemu baba yake."

Kokuberwa akasoma. Alielewa kiasi cha mkopo, na kwamba kila mwezi wangelipa shilingi arobaini. Kisha akafika kwenye sentensi ndefu iliyomshinda kabisa. Akahisi uso unamwaka. Angesemaje kwamba hajui, na Bi Mwajabu anamtazama kwa mshangao?

"Hapa chini ni maneno ya heshima tu, ya kumalizia," alisema.

Mama akatabasamu, akaikunja hati. Tangu hapo Kokuberwa hakuacha kuifikiria sentensi ile.

Jumamosi walikwenda dukani kwa Mzee Remtulla. Wakamwamkia, akawapa viti. Mama akachovya kidole gumba kwenye wino. Kilipokuwa kinashuka juu ya karatasi, Kokuberwa akamshika mkono.

"Mama, subiri. Ile sentensi ya mwisho sikuielewa. Nilikudanganya."

Mama akakiondoa kidole juu ya karatasi. Kokuberwa alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mbona hukuniuliza?" alisema Mzee Remtulla. "Lakini mie ndiye ninayekopesha. Afadhali mkasomewe na mtu wenu. Nitangoja."

Wakaenda kwa Mwalimu Revelian, aliyemfundisha Kokuberwa. Mwalimu akaisoma mara mbili, polepole.

"Malipo yanaanza mwezi ujao," alieleza. "Na mkikosa miezi miwili mfululizo, nyumba ya Kinondoni inauzwa."

"Mwezi ujao nyumba ya Temeke itakuwa haina hata paa," mama alisema. "Nitalipa kwa kodi ya mpangaji gani?"

Wakarudi wote watatu dukani. Mama alieleza hesabu zake bila kuficha kitu. Mzee Remtulla alifikiri, akakuna kidevu, mwishowe akakubali malipo yaanze baada ya miezi sita. Hati ikaandikwa upya, Mwalimu akaisoma kwa Kiswahili, ndipo mama akaweka dole gumba.

Masika ya mwaka ule yalikuwa makali. Ukuta mmoja ulibomoka, ujenzi ukasimama miezi mitatu. Hata hivyo, miezi sita ilipotimia, nyumba ya Temeke ilikuwa imeezekwa na wapangaji wanne wameingia. Kodi yao ndiyo iliyolipa deni, mwezi kwa mwezi, mpaka Mzee Remtulla akawarudishia hati yao.

Siku hiyo, wakirejea nyumbani, Kokuberwa aliuliza, "Mama, siku ile ulinikasirikia?"

"Nilikasirika sana," mama alijibu. "Ulikuwa tayari kuniachia nipoteze nyumba ya baba yako kwa sababu ya aibu ya dakika moja. Lakini ulinishika mkono mbele ya watu, nami najua ilivyokuwa vigumu. Usilolijua, sema hulijui, mwanangu. Atakayekucheka atacheka kidogo tu, kisha atakwenda zake, na wewe utakuwa umepata nafasi ya kujifunza."

Kokuberwa akampokea mama mkoba wenye hati, wakaendelea na safari.