Maziwa ya Bisan Guba

Kahin alikuwa dereva mzuri, na hilo hakuna mtu Isiolo aliyewahi kubishana nalo. Babu yake alikuwa askari wa Kisomali aliyeletwa na Waingereza, akapewa kiwanja mjini akajenga, na ukoo wote baada yake ukaangukia kwenye magari. Ndugu zake walibeba mbuzi na sukari kwa malori. Yeye alipata Landrova ya kampuni ndogo ya watalii, na kazi yake ilikuwa kupeleka wageni Bisan Guba asubuhi na kuwarudisha jioni wakiwa wameshiba.

Bisan Guba kwa Kiborana ni maji ya kuunguza. Ni kisiwa cha mawe meusi katikati ya kinamasi cha chumvi, mbali kidogo na njia ya Garbatulla. Zamani ardhi ilitapika moto pale, na moto wenyewe haujapoa sawasawa. Ukishavuka kwa mawe ya kukanyagia unakuta chemchemi ndogo ya kuogeshea miguu, halafu ile kubwa, nyembamba kama kaburi, inayotokota mchana na usiku. Mbuzi hupikwa humo. Nyama hutiwa kwenye gunia la katani, huteremshwa kwa kamba, na hutoka laini kiasi cha kuliwa na asiye na meno. Mayai huzikwa kwenye mchanga wa pembeni. Watu wa Nairobi walikipenda chakula hicho, wakipigana picha wakimenya mayai.

Lakini kulikuwa na sharti. Kabla ya kitu chochote kuteremshwa, chemchemi ilipewa maziwa. Si maziwa ya dukani. Ni maziwa ya mnyama aliye hai, yaliyokamuliwa asubuhi ileile nyumbani kwa anayeleta wageni. Aliyeyamimina ni bibi mmoja wa Kiborana, Batula, kama mama yake na nyanya yake walivyofanya. Kahin alikuwa Mwislamu wa swala tano na jambo lile halikumkaa vizuri. Batula akimimina, yeye hugeuza uso na kuleta istighfari chini kwa chini. Hata hivyo hakuwahi kukosa kuleta maziwa, kwa sababu Batula bila maziwa hamruhusu mtu kuvuka.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na nne. Waliouona hawahitaji kuelezwa. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama, na barabara ya Garbatulla ilinuka hadi ndani ya gari. Nyumbani kwa Kahin alibaki mbuzi mmoja wa maziwa. Mkewe, Istar, alikuwa amejifungua mtoto wao wa kwanza, msichana, wakamwita Awo. Istar alishikwa na homa mbaya baada ya uzazi, maziwa ya kifuani yakawa ya kudondoka tu. Kikombe cha yule mbuzi ndicho kilichomweka Awo hai, na wazazi wote wawili walilijua hilo bila kulisema.

Asubuhi wageni walipofika, Istar alimkamua mbuzi na kuyatia maziwa yote kwenye chicho, kile chombo cha Kiborana kinachosukwa kwa nyuzi na kufukizwa moshi. Chicho hicho Batula ndiye aliyempa siku ya harusi.

"Peleka," alisema. "Mtoto atavumilia mpaka jioni. Hiyo haki ya watu usicheze nayo."

Kahin akatoka. Alifika langoni akamsikia Awo. Mtoto hakuwa analia. Alikuwa ananyonya hewa, mdomo ukitoa kisauti kikavu, na kisauti hicho kilimkata Kahin maini. Akarudi polepole kupitia jikoni wakati Istar amempa mgongo. Akayamimina maziwa kwenye kikombe cha mtoto, akakifunika. Kisha akachota maziwa ya unga ya msaada kutoka kwenye mfuko uliokuwa nyuma ya mlango, akayakoroga na maji, akajaza chicho. Alijiambia chemchemi ni maji na mawe, na maji hayana ulimi.

Wageni walikuwa wafanyakazi wanne wa ofisi moja ya Nairobi, wakiongozwa na mwanamke mchangamfu aitwaye Jane. Njia nzima Jane aliuliza maswali na Kahin akajibu kwa utani wake wa kawaida. Nyuma alikaa Dadacha, mpishi, kijana wa kijiji cha Korbesa mwenye mikono mikubwa. Huyo ndiye aliyemchinja mbuzi wa wageni na kumkatakata kisiwani. Jua lilikuwa limepanda, watu walicheka, na mvuke ulinuka kiberiti kama siku zote.

Batula alipokea chicho, akainama, akamimina.

Chemchemi ikanyamaza.

Kahin alikuwa amegeuza uso kama kawaida yake, na ndiyo maana aliusikia ule unyamavu kabla ya kuona. Maji yaliyotokota tangu babu wa babu yalikuwa yametulia kama ya kwenye ndoo. Batula alichovya kidole ndani ya chicho, akakilamba. Akamsogelea Kahin, akanong'ona wageni wasisikie.

"Kahin. Hii maziwa imetoka wapi?"

"Nyumbani, mama."

"Wallahi?"

Kahin aliwatazama wageni waliokuwa wakivua viatu. "Wallahi," akasema.

Batula hakubishana. Alikiacha chicho kwenye ukingo, akaokota fimbo yake, akavuka mawe kurudi ng'ambo, hakugeuka nyuma. Muda si mrefu maji yakaanza kutokota tena. Kahin akapumua. Alimwambia Dadacha ateremshe gunia, akawapeleka wageni kuosha miguu, akawasimulia habari za volkeno. Alisimulia vizuri kuliko siku zote, kwa sababu kimya kilimtisha.

Kisha Jane akafukua yai lake. Aliligonga kwenye jiwe, akapiga kelele ndogo, akacheka kwa aibu. Mchanga ulikuwa umemuunguza vidole. Yai lilikuwa bichi, na lilikuwa baridi kama limetoka kisimani. Akafukua la pili, nalo hivyohivyo. Hapo hakucheka.

"Dadacha," Kahin akaita. "Toa nyama tuondoke."

Dadacha akavuta kamba. Haikuja. Akaizungusha mkononi mara mbili, akakanyaga ukingo, akavuta tena. Kamba ikalegea. Kitu kilikuwa kinapanda nayo chenyewe. Dadacha akainama kuangalia.

Mkono wake wa kulia ukaingia majini mpaka kwenye kiwiko.

Alilia kilio ambacho Kahin hakuwahi kukisikia kwa mtu wala kwa mnyama. Kahin akaruka, akamkumbatia kiunoni. Mgeni mmoja mwanamume akamshika Kahin. Wakavuta. Mkono ukatoka, na ngozi ikabaki majini, imevuliwa nzima kama soksi. Kabla hawajarudi nyuma, kamba iliyokuwa imezungushwa ikakaza tena. Ikampiga Dadacha kwenye ukingo. Ikamlegeza, ikampiga tena. Meno yalimwagika juu ya jiwe. Mgeni aliachia, akakimbia. Teke la Dadacha likakigonga chicho, kikaanguka ndani, na Kahin akakiona kwa macho yake kikizama, kikigeuka polepole, mpaka kikapotea.

Dadacha akaacha kupiga kelele. Aligeuza shingo, akamtazama Kahin karibu kabisa, uso kwa uso. Taya lilikuwa limevunjika na linaning'inia. Halikusogea. Lakini sauti ilitoka, ya mwanamke, ya chini, isiyo na haraka.

"Hii maziwa haina mama."

Kahin alihisi mkojo ukimtoka. Kamba ilikuwa imemburuta Dadacha majini hadi kifuani, Kahin akimshikilia makwapani tu, na mvuke ulimchoma Kahin macho. Aliogopa, na alimpenda yule kijana, na hakufikiri.

"Nitaleta yenye mama," akasema. "Nyumbani kwangu iko. Muache huyu."

"Nyumbani kwako," sauti ikarudia.

"Iko nyumbani kwangu. Chukueni."

Kamba ikalegea. Kahin akaanguka chali, Dadacha juu yake, akiwa mwepesi kuliko ilivyostahili. Kuanzia kifuani kwenda chini alikuwa ameiva. Alikufa hapo kwenye mawe meusi, kabla Jane hajamaliza kumfunika kwa leso.

Walirudi mjini, mwili ukiwa chini ya turubai na wageni wamejibana mbele. Landrova iliruka kwenye makorongo na Kahin hakupunguza mwendo. Kichwani alikuwa na jambo moja tu. Atamkamua yule mbuzi, atarudi kesho na maziwa ya kweli, ampigie Batula magoti. Au ampeleke mbuzi mwenyewe. Awo watamwombea maziwa kwa majirani. Deni litaisha.

Aliwashusha wageni na mwili kituo cha polisi, akaiacha Landrova hapo, akaenda nyumbani mbio kwa miguu.

Mbuzi alikuwepo. Amefungwa palepale, anatafuna boksi, chuchu zimejaa. Kahin aliguna kwa furaha, akaegemea ukuta. Kisha akasikia Awo akilia ndani, na hakusikia mtu akimbembeleza.

Jirani yao, Abiba, alikuwa amesimama uani kwake na hakutaka kuvuka ua. Alizungumza kwa kunong'ona ingawa lilikuwa jua kali.

"Mwanamke alikuja mchana. Alikuwa amelowa, maji inatiririka. Nikashangaa, maji ametoa wapi na ukame hii? Alisema wewe umemtuma."

Kahin aliugeukia mlango wa nyumba yake.

"Alisema umemwambia achukue. Istar akasema mbuzi huyo hapo, kamua. Akasema si hiyo. Halafu nikasikia Istar anapigana. Wallahi alipigana, Kahin. Nilikuja mbio, nikashika mlango, ikanichoma."

Akamwonyesha kiganja. Kilikuwa kimetoka malengelenge.

Ndani, sufuria na stuli vilikuwa vimepinduka, na ukuta wa udongo ulikuwa na damu kwa urefu wa mtu. Kwenye mwimo wa mlango kulikuwa na mikwaruzo mitano iliyoingia ndani ya mbao, na mwisho wa mmoja ulikuwa umenasa ukucha wenye hina. Shashi ya Istar, kitambaa chake cha kichwa, ilikuwa sakafuni, imechemka mpaka rangi imetoka. Alama za miguu iliyolowa ziliingia, na alama zilezile zilitoka, na kati yake michirizi miwili ya visigino vilivyoburutwa. Zilifika barabarani zikaishia hapo, kwenye vumbi. Awo alikuwa juu ya mkeka, hana hata alama. Pembeni yake kikombe kilikuwa kimefunikwa, maziwa ya asubuhi yamejaa. Istar hakuwa amekiona.

Polisi walitafuta. Ndugu wa Istar walitafuta wakiwa na visu, na mmoja wao alimpiga Kahin mpaka akamvunja mbavu, naye hakujikinga. Masheikh walisoma ndani ya ile nyumba. Kahin alikwenda kwa Batula akalia miguuni pake, akamwomba afanye lolote. Batula akaivuta miguu yake.

"Mimi nilikuuliza," alisema. "Wewe ulisema nyumbani."

Tangu siku ile Awo hakukubali maziwa ya mbuzi. Ya unga aliyatema. Wanawake wa mtaa walimpa vifua vyao, akafumba mdomo. Alinyonya hewa tu, na kisauti kilekile kikavu kilijaza nyumba. Alipokuwa hawezi tena kufungua macho, Kahin alitoka kwenda kuswali alfajiri, akajikwaa mlangoni.

Kilikuwa chicho. Kilekile alichokiona kikizama, mshono wake na ufa wa kifuniko anavijua. Kilikuwa kimesimama wima, kimejaa maziwa, kina joto.

Akayamwaga. Alfajiri iliyofuata kilikuwepo tena, kimejaa, na Awo alikuwa amepoa mikono. Kahin akayanusa. Hakuwa mjinga, alikuwa amelala miaka kifuani mwa Istar. Alikaa kizingitini, chicho mapajani. Halafu akamnyanyua mwanawe, akamnywesha, naye akanywa yote bila kupumzika, vidole vyake vikipapasa ubavu wa chicho, vikitafuta.

Awo alinenepa mwaka ambao watoto wa Isiolo walizikwa kila siku. Watu walimsifu Kahin kwa malezi. Hakuendesha tena gari, na hakuna aliyemwona akila nyama ya kuchemsha. Mtoto alipotimiza miaka miwili akaanza kula ugali, akaacha maziwa mwenyewe. Usiku huo Kahin alisimama mlangoni akasema kwa sauti, kwa Kisomali na kwa Kiborana, kwamba sasa imetosha, mtoto ameshiba, mwacheni apumzike.

Alfajiri chicho kilikuwepo, kimejaa.

Awo sasa anakwenda shule. Baba yake huamka kabla yake kila siku, akayamwage nyuma ya nyumba asiyaone, na pale anapomwaga udongo una joto. Kwa Batula hawezi kurudi kuuliza, Batula alikufa. Kwa hiyo hajui ni nani anayekamua kule chini, wala jinsi ya kumwambia aache. Anachokijua ni kwamba siku nyingine maziwa huja kidogo, kama aliyekamuliwa amechoka. Na siku hizo huwa yana wekundu.