Mswala wa Njia ya Siafu

Mnusakale alishusha mkono wake wa kioo juu ya mswala, akavuta hewa. Mashine hiyo ilinusa umri. Jasho, vumbi, mafuta ya nazi, moshi wa udi: kila harufu iliyojificha ndani ya ukindu iliujua mwaka wake. Wasafiri waliojipanga ukumbini, Bandari ya Anga ya Tanga, walitulia wakitazama. Bi Shufaa peke yake hakutulia. Mara akae, mara asimame, mara aitazame saa ya ukutani. Saa nne na robo. Chombo cha Mwezini kinaondoka saa saba, na kingine hakuna mpaka ipite miezi minane.

"Tulia, mama," alisema Injinia Khatibu, aliyeiunda mashine hiyo na ndiye anayetia saini vibali.

"Nitulieje? Mwanangu Raya yuko huko juu, mimba ya kwanza, na mwezi wake ndio huu! Nani atampokea mtoto? Roboti?"

Sheria ya Urithi haikuwa na mzaha: kitu kilichozidi miaka mia hakitoki nchini bila kibali. Mswala ule aliusuka bibi yake Bi Shufaa, kwa nakshi waliyoiita njia ya siafu, na katika ukoo wao kila mtoto hulazwa juu yake siku ya saba. Kwenda bila mswala ilikuwa haiwezekani.

Mnusakale akasema, "Mswala, miaka mia na kumi. Ukili ulioshonewa ukingoni, siku kumi na nne."

Khatibu akainua uso. "Umeutengeneza, mama?"

"Panya waliula. Ulitaka niende ugenini na mswala una tundu? Watu wangesemaje?"

Khatibu akacheka. "Basi una bahati. Kitu kilichotengenezwa na fundi aliye hai huhesabiwa kazi ya leo. Kibali umepata."

"Alhamdulillahi!" Bi Shufaa akaanza kuukunja hapo hapo.

"Weka mikono kwenye kioo tu, tuhakikishe fundi ni wewe."

Akaiweka. Taa ikazunguka vidole vyake, huku Mnusakale akipekua daftari la wasukaji wote wa nchi.

"Fundi amethibitishwa. Njia ya siafu: mafundi walio hai, mmoja. Mswala unaruhusiwa. Mikono hairuhusiwi."

"Mikono gani? Hii yangu? Sasa niikate niiache hapa?"

Khatibu akamwonyesha kifungu cha sheria. Ujuzi uliobaki kwa mtu mmoja, alieleza, nao ni urithi. Hautoki mpaka apatikane wa pili. Kifungu hicho alikipigania mwenyewe, mwaka babu yake mpiga zumari alipofia ughaibuni na nyimbo zake zote. Hakuwahi kufikiri kitamwangukia mtu mwenye begi mkononi.

"Kifute."

"Siwezi, mama. Nilikifunga kisifutwe na yeyote, hata mimi."

"Ama kweli! Miaka yote nasuka barazani hakuna aliyeniuliza habari. Leo nataka kumwona mjukuu, ndipo mnaniita urithi!" Machozi yakamtoka, wala hakuyaficha. "Na Raya nilimwambia, njoo ukae nikuonyeshe. Akanijibu: Mama, nani anasuka siku hizi? Nikachoka kugombana, nikamwacha."

Akatazama saa. Saa tano kasoro robo.

"Akipatikana wa pili, linaniachia hili lidude lako?"

"Papo hapo."

"Wewe ulijifunza kuunda mashine, na kusuka utajifunza. Vua viatu, kaa chini."

Khatibu akakaa sakafuni mbele za watu. Bi Shufaa akatoa begini kitita cha ukindu alichofunga kwa ajili ya safari, akamshika vidole kimoja kimoja. Juu, chini, ruka mbili, rudi. Saa sita Khatibu aliweka kipande chake kwenye kioo.

"Mafundi, mmoja," akasema Mnusakale.

"Tena. Upesi, mwanangu!"

Saa sita na nusu: mmoja. Saa saba kasoro dakika tano: mmoja. Vidole vya Khatibu vilikuwa vinatoka damu, na wasafiri wengine walishaondoka ukumbini.

Kisha madirisha yakatetemeka. Ngurumo ya chombo ikapanda, ikapungua, ikapotelea juu. Bi Shufaa hakuinua uso. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akakipokea kipande cha Khatibu, akakitazama kwenye mwanga.

"Hapa umeruka moja," akasema. "Fumua."