Daraja Juu ya Ugali

Kila Jumamosi mama yake Lilian aliwasha mashine ya kufulia, na nyumba yao ndogo ya Ilford, ughaibuni, ikatetemeka hadi vikombe vikagongana kabatini. Jumamosi hii Lilian alifurahia mtikisiko huo. Alikuwa amegundisha daraja lake la vijiti kwenye ubao, akauweka ubao juu ya mashine. Mashine ikakamua nguo, ikarukaruka, daraja likasimama tuli.

"Daddy, njoo uone! Jumatatu nawashinda wote!"

Shuleni kulikuwa na mashindano ya madaraja ya kustahimili tetemeko la ardhi. Mwalimu Madhu alikuwa amewaagiza wayajaribu kwanza kwenye mchanga laini. Ijumaa Lilian alimwambia, bila haya, kwamba keshajaribu. Wapi!

Baba yake, mhandisi wa madaraja, akainama na kukuna kidevu. "Ubao huu mgumu kama mwamba. Shuleni litasimama juu ya nini?"

"Mchanga laini. Lakini ardhi ni ardhi tu, Daddy!"

"Nani kakwambia? Ardhi laini nayo hucheza. Sisi tukilipigia daraja hesabu za tetemeko, tunapima na udongo ulio chini ya nguzo. Haya, tafuta kitu laini."

Mchanga haukuwepo. Mezani kulikuwa na sinia la ugali laini. Wakaliweka juu ya mashine, wakasimamisha daraja humo, wakawasha. Lo! Nguzo zikazama upande mmoja, daraja likayumba, likatumbukia chubwi! ndani ya bakuli la mchuzi wa samaki lililokuwa mezani, pembeni mwa mashine.

"Chakula changu jamani!" Mama akapiga kelele.

Lilian akaangua kilio. "Nitaaibika! Na mwalimu nilimdanganya kwamba nimejaribu!"

"Basi utamwambia ukweli," Baba akasema, akilifuta daraja mchuzi. "Na nguzo tutazipa nyayo pana."

Wakatengeneza, wakajaribu tena kwenye ugali, daraja likasimama. Siku hiyo walikula mkate.

Jumatatu Lilian alianza kwa kukiri. Mwalimu akakunja uso. "Na sasa umejaribu?"

"Ndiyo, Miss. Kwenye ugali."

Darasa zima likacheka. Kisha mchanga ukatikiswa, na daraja la Lilian halikuanguka, ingawa lilinuka mchuzi wa samaki.

Mwalimu Madhu akaziba pua, akitabasamu. "Lilian, daraja lijaribu kwenye ardhi kama ile litakayosimama juu yake, na usiseme umefanya kabla hujafanya. Na siku nyingine, lijaribu kabla mchuzi haujaiva."