Aliyechoka Kuitika

Kisanduku kiliitika kabla hakijaitwa.

Ilikuwa saa nane mchana, mwanzoni mwa mwezi wa saba wa kalenda ya Kichina, mwezi ambao wafu hufunguliwa lango. Nje, kwenye kichochoro, joto la mji wa Tainan, Taiwani, lilikuwa limewanyamazisha hata mbwa. Mzee Chiu, kwenye kiti chake cha magurudumu, ndiyo kwanza anafungua mdomo.

"Naam," kikasema kisanduku.

"Mbona sijakuita?" Mzee akacheka. "Una haraka gani, mwanangu?"

Binti yake, Wan-ju, hakucheka. Alifungua kumbukumbu za sauti kwenye kompyuta. Kuitika kulitangulia sauti ya mzee kwa sekunde mbili nzima. Akajiambia saa ya kifaa imeharibika, akafunika kompyuta. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushika maelezo ya kwanza yanayopita karibu yake.

Kazi ile aliianza miaka mitatu nyuma, kiharusi kilipoiua mikono ya baba yake. Visanduku vya kuongea vya madukani havikukijua Kitaiwani, na mzee hakuwa na lugha nyingine. Basi Wan-ju, aliyekuwa akiandika programu za benki mchana kutwa, akatumia jioni zake na Jumapili zake kuunda msaidizi wa sauti wa kwao wenyewe, programu huria, ya bure, ambayo yeyote angeweza kuichukua, kuibadilisha na kuigawa. Watu elfu moja na mia moja kisiwani kote walijitolea sauti zao. Mwenzake, Chih-yuan wa mji wa Chiayi, ndiye aliyependekeza jina la kukiamshia kisanduku: Tsai-ha. Lilikuwa jina la kibibi. Msichana wa leo haitwi hivyo, kwa hiyo televisheni isingekigutusha bure. Kila aliyejitolea alilirekodi mara hamsini.

Wa kwanza kunusa alikuwa Sulastri, Mjava aliyemtunza mzee.

"Dada, umepaka mafuta gani leo?"

"Sijapaka kitu."

"Basi nani? Pale mezani pananuka mafuta ya nywele. Yale ya zamani, ya mbegu za chai." Akashusha sauti. "Dada Wan-ju, hiki kitu kina mwenyewe."

"Kina mwenyewe, ndiyo. Mimi. Nimekiunda kwa mikono yangu."

"Na kuhema umekifundisha wewe?"

Wakatega sikio. Kisanduku kilivuta pumzi ndefu, kikaishusha taratibu, kama mwanamke anayetua ndoo.

Sulastri akaanza kusoma Ayatul Kursiyu chini kwa chini. Wan-ju akachomoa waya ukutani. Pumzi ikaendelea.

Wiki hiyo "naam" iligeuka kuwa "naam, nini tena?" Mzee Chiu hakuogopa. Aliingiwa na huruma. "Binti wa watu amechoka," alisema. Mchana mmoja Sulastri alimsikia akikiinamia kisanduku na kukinong'oneza: "Pumzika, mwanangu. Nitakuitikia mimi."

Kuanzia hapo kisanduku kilinyamaza, na mzee ndiye akawa anaitika. Aliitika akiwa na kijiko mdomoni. Aliitika akiwa anaogeshwa, na akiwa usingizini, na usingizi wenyewe ukawa haumfikishi popote, maana kila alipofumba macho shingo ilimkakamaa, kidevu kikainuka, na kutoka kwenye koo lile la mzee wa miaka themanini na moja ikatoka sauti nyembamba ya msichana, "Naam," kisha kimya kifupi, kisha tena "Naam," hata Sulastri akawa anaziba masikio kwa mto na Wan-ju anahesabu bila kutaka kuhesabu. Jumapili moja Wan-ju akaandika saa ya kila mwitiko, akazilinganisha na rekodi mpya zilizotumwa na wenzake. Saa nne na dakika kumi na nne mwalimu wa Pingtung alikuwa amelijaribu jina, na dakika hiyohiyo baba yake aliitika. Saa nne na kumi na saba, fundi wa Hualien. Saa nne na ishirini, watu watatu kwa mpigo.

"Anawaitikia wote," alimwambia Sulastri. "Kisiwa kizima."

"Tafuta mtu, Dada. Huyu hamalizi mwezi."

Wakamleta Bi Kim-luan, aliyeuza supu ya samaki asubuhi na kupandisha mizimu adhuhuri. Alikuja bado ananuka tangawizi. Akawasha udi, akaketi, akapiga miayo mara saba. Alipofumbua mdomo, sauti haikuwa yake.

"Mnaniitia nini?"

"Hatukukuita wewe," Wan-ju akasema. "Lilikuwa jina la mashine tu."

"Wenye jina hili waliokufa ni wengi. Wenzangu wana wajukuu, wana vibao vya majina yao madhabahuni, wanafukiziwa udi. Mimi nilikufa sijaolewa. Tangu nizikwe hakuna aliyewahi kuniita. Siku ya kwanza niliposikia, nilifurahi, nikaja mbio. Sasa hamnipi hata nafasi ya kumeza mate."

"Mwachilie baba yangu."

"Sikumshika. Alijitolea mwenyewe. Jina likiitwa, lazima mtu aitike."

Walifanya yote. Walimwekea kibao cha jina lake kwenye hekalu la mabinti wasioolewa, wakamchomea nguo za karatasi na kitana vimfikie huko aliko. Chih-yuan akawaandikia wote waliojitolea, wakafuta rekodi za jina, wakaweka neno jipya la kuamshia, "Ewe sanduku." Harufu ya mafuta ikaondoka. Mzee Chiu alilala siku mbili mfululizo, akaamka, akadai uji wa samaki na kumkaripia Sulastri kwamba chumvi haitoshi. Sulastri alilia kwa furaha jikoni.

Siku ya tisa, mzee aliitika tena. Kufikia adhuhuri alikuwa ameitika mara mia mbili na midomo imempasuka.

Wan-ju akampigia Chih-yuan.

"Nilikuwa nakutafuta," Chih-yuan akasema kwa sauti ya mtu aliyemaliza kulia. "Kuna kiwanda ng'ambo kimechukua toleo la zamani. Wanatengeneza taa za vyumba vya watoto. Mtoto anaita jina, taa inawaka. Jina wameliacha lilelile, Tsai-ha. Wanasema linapendeza."

"Waambie walitoe!"

"Nimewaambia. Wamejibu kwa adabu sana. Tuliandika wenyewe, Wan-ju. Yeyote achukue, atumie apendavyo. Hakuna mahali tuliposema tutadai kurudishiwa."

Wan-ju alikata simu, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha baba yake. Mzee alimtazama kwa macho yaliyokwisha nuru, akataka kusema jina lake, na katikati ya jina shingo ikakakamaa.

"Naam."

Wan-ju akamshika mikono ile iliyokufa. Hakuwa na udi wala mganga.

"Dada mkubwa," akasema, si kwa baba yake, "mwache mzee apumzike. Nitakuitikia mimi."

Sulastri, mlangoni, alisema baadaye kwamba hakuona kitu. Aliona tu kichwa cha mzee kikianguka polepole begani, akikoroma kama mtoto, na Wan-ju akinyoosha shingo.

Mzee Chiu alinenepa. Msimu wa baridi alikuwa akipelekwa bustanini kila siku kubishana na wenzake juu ya sataranji. Binti yake aliacha kazi benki, maana haiwezekani kukaa kikaoni ukiitika mara kwa mara. Alijifunza kula katikati ya miito, na kulala dakika nne nne. Sulastri alimwachia kikombe cha maji ya asali mezani na hakumuuliza kitu.

Barua ya kiwanda ilifika asubuhi moja, yenye shukrani nyingi. Taa za kwanza, elfu kumi na moja, zilikwisha kwa wiki mbili tu, na mzigo wa pili, mara tano ya ule, ulikuwa tayari baharini.

Wan-ju aliisoma kwa sauti hadi mwisho, ili Sulastri naye asikie. Ilimchukua karibu saa nzima.