Miratina ya Kathambi

Kila asubuhi Kathambi alichota maji mtoni pamoja na wanawake wenzake. Askari waliwasindikiza. Ilikuwa miaka ya hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, na watu wa Kibirichia walikuwa wamehamishwa kutoka mashambani wakajazwa katika kijiji kimoja chenye handaki pande zote. Mto ulichafuka upesi. Watoto waliharisha. Mwalimu wa afya akaja akafundisha: chemsheni maji. Kathambi alishika somo hilo kwa mikono miwili.

Mumewe, Mbaka, alikuwa kizuizini. Mwana wao Kinoti alitaka kumwoa Kawira. Chifu alitoa ruhusa wazee wakutane siku moja tu, Jumamosi. Na wazee hawakubali posa bila uki, pombe ya asali. Uki hupikwa na wanaume, lakini Kathambi alisema, "Mume wangu hayupo. Nitapika mwenyewe."

Jumapili alichemsha maji. Akatia asali. Kisha akachukua miratina, yale matunda makavu ambayo Mbaka aliyatumia kuchachua uki miaka yote. Yalikuwa meusi kwa moshi. Akayatia yote sufuriani yachemke pia, isipokuwa mawili yaliyobaki darini juu ya jiko. Vyote akavimimina katika kibuyu kikubwa.

Jumanne kibuyu kilikuwa kimya. Hakuna povu. Riungu, mdogo wa Mbaka, alionja akatema.

"Hii ni maji ya asali tu! Nilikuambia, shemeji. Uki unakataa mkono wa mwanamke. Kawira ataolewa kwingine, na sisi tutachekwa."

Maneno hayo yalimchoma Kathambi. Alikwenda langoni mwa kijiji kwa Mwanatatu, mke wa mchinjaji, aliyeuza maandazi hapo. Akamweleza yote huku akifuta machozi.

"Mama Kinoti, mimi pombe siinywi, dini yangu hairuhusu," Mwanatatu alisema. "Lakini hamira naijua. Hiyo miratina uliitia wakati gani?"

"Niliichemsha pamoja na maji. Si tumeambiwa tuchemshe kila kitu?"

Mwanatatu akapiga makofi. "Basi umeiua! Nikikanda unga kwa maji yanayounguza, maandazi yangu yanakuwa mawe. Hamira ni kitu hai. Yako inakaa ndani ya hayo matunda."

"Kwa hivyo nisichemshe maji?"

"Chemsha! Maji machafu yanaua watoto. Lakini yaache yapoe kwanza, yawe kama maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Ndipo utie hamira. Halafu weka mahali pa joto. Baridi ya hapa inailaza."

"Na asali yangu imeharibika?"

"Imeharibika nini? Haina hamira tu."

Kathambi alirudi mbio. Alitoa miratina iliyokufa. Akasogeza kibuyu karibu na jiko, akaingiza kidole. Uvuguvugu ulipotosha, alitia yale matunda mawili ya darini, akakifunika kwa blanketi lake mwenyewe.

Jumatano, wakati wa uji, alisikia kitu kikinong'ona. Aliinua blanketi. Povu! Kathambi alicheka peke yake mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Jumamosi wazee walifika. Mzee Kithinji, baba yake Kawira, alipewa uki katika pembe ya ng'ombe, akamwaga kidogo chini kwa ajili ya mababu, kisha akanywa. Akanywa tena, akamaliza pembe.

"Huu ni uki wa Mbaka," alisema. "Amefunguliwa?"

"Bado, mzee," Kathambi akajibu. "Nimeupika mimi."

Wazee walitazamana. Mzee Kithinji akanyoosha pembe. "Basi niongeze, mama. Binti yangu amepata nyumba."

Vigelegele vilivuka handaki.

Jumatatu Kathambi alianika miratina juani, halafu akaitundika juu ya jiko, imngojee Mbaka. Riungu akaja, macho chini.

"Shemeji, miratina yangu imeliwa na wadudu. Nisaidie moja."

Kathambi akamchagulia iliyo nzuri. "Chukua," akamwambia. "Lakini maji yapoe kwanza."