Jamaa wa Kuleta Kahawa

Ilikuwa siku ya soko mjini Migori, na mbele ya kisiagi cha unga akina mama kama kumi na wawili walikuwa wakimfokea mwanamume mmoja.

"Hiyo kitu yako itafanya unga yetu inuke!"

"Basi mtangulie, mimi nisagiwe mwisho," alijitetea, kamfuko kakiwa kifuani kama mtoto.

"Na wa kesho wale ugali ya kahawa?"

Marcella alikuwa akipita na mkebe wa rangi, gauni la manjano, raba nyeupe. Harufu ile ikamsimamisha. Akaingia katikati ya kelele, akachukua punje moja ndani ya kale kamfuko bila kuomba, akaing'ata.

"Ni wewe umeikaanga?"

"Ndiyo, madam."

"Umeiua."

Akina mama wakaangua kicheko. Yule jamaa, mrefu, shati la samawati lililopigwa pasi vizuri juu ya gambuti zenye matope, akacheka pia.

"Lakini ilipokuwa hai ilikuwa tamu," Marcella akaongeza. "Umeitoa wapi?"

"Shambani kwetu, karibu na Kehancha. Babu yangu ndiye alipanda mibuni. Tangu nizaliwe tunauza tu, nyumbani tunakunywa chai. Leo nikasema hata mimi nionje." Akanyoosha mkono. "Naitwa Maroa."

Marcella alikuwa ametengeneza kahawa miaka sita katika hoteli moja ya Homa Bay. Mwezi wa sita aliacha kazi, akakodisha chumba mkabala na kituo cha magari cha Migori ili afungue mkahawa wake mwenyewe. Kila mtu alimwambia watu wa Migori ni wa chai. Alichokosa ni kahawa nzuri, na sasa ilikuwa imesimama mbele yake na gambuti.

Wiki iliyofuata Maroa alileta buni mbichi. Marcella akazikaanga polepole kwenye sufuria pana, akazisaga kwa mashine yake ndogo, akammiminia kikombe bila sukari. Maroa akanywa, akanywa tena.

"Hii ndiyo tunalima?"

"Hiyo ndiyo."

"Miaka hii yote!" Akapiga meza kofi, macho yamemtoka. "Marcella, nani mwingine anajua?"

Kuanzia hapo simu haikutulia, Maroa akijaribu kumwita "binti wa Rusinga" kwa Kijaluo, lugha ya kwao Marcella.

"Nyar Rusinga, umeamkaje?"

"Vizuri, ila hiyo nyar yako inasikika kama mbuzi amekanyagwa."

"Nifundishe basi."

"Njoo na nyundo kwanza. Nahitaji kaunta."

Akaja na nyundo, mbao na msumeno. Kaunta ikasimama, kuta zikapata rangi ya machungwa, na siku moja, wote wawili wakiwa na rangi puani, Maroa akambusu. Marcella akacheka mpaka akaketi sakafuni.

"Umechelewa," akamwambia. "Nilikungoja tangu Jumatatu."

Ufunguzi ukapangwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti. Jumanne ya wiki hiyo, Maroa akiwa juu ya ngazi anafunga taa, mama yake Marcella akapiga simu kutoka kisiwa cha Rusinga. Bado alikuwa na uchungu kwamba bintiye ameacha kazi nzuri.

"Nasikia sauti ya mwanamume hapo," mama akasema kwa Kijaluo. "Ni nani?"

Mama alikuwa na orodha yake ya wakwe, na hakukuwa na Mkuria kama Maroa hata mmoja ndani yake.

"Si mtu, Mama," akajibu kwa Kijaluo hichohicho. "Ni jamaa wa kuleta kahawa tu."

Maroa akamaliza kufunga taa. Akashuka, akakunja ngazi, akasema anawahi gari. Hakumkumbatia.

Jioni simu yake ilikuwa imezimwa. Jumatano hivyo hivyo. Marcella akaanza kukasirika: wiki ya ufunguzi, mtu anapotea! Akamwandikia, "Kama umebadilisha mawazo ungesema kama mwanaume."

Alhamisi bodaboda akashusha gunia mlangoni. Buni zilikuwa zimechambuliwa moja moja, hakuna hata iliyovunjika. Juu kulikuwa na karatasi: "Nimeleta kahawa tu."

Marcella akaisoma mara mbili. Maroa alikuwa ameelewa Kijaluo kile! Kila neno!

Ijumaa asubuhi alifunga mlango, akavaa kitenge chake cha kijani, akapanda gari kwenda Kehancha. Alimkuta Maroa kati ya mibuni, akipogoa matawi kwa hasira. Mama yake, Mama Rael, alimtazama mgeni, akamtazama mwanawe, kisha akaenda zake jikoni.

"Gunia halikutosha?" Maroa akauliza bila kugeuka.

"Sikufuata gunia. Kumbe unajua Kijaluo?"

"Nilisoma shule ya bweni Awendo, kwa Wajaluo, miaka minne. Hata kuota nilikuwa naota kwa Kijaluo." Akageuka. Macho yalikuwa mekundu. "Nilijifanya sijui ili unifundishe. Nilipenda ukinicheka. Lakini 'si mtu', Marcella?"

"Niliogopa Mama. Sina kisingizio kingine. Nilikukana ukiwa juu ya ngazi yangu, unafunga taa yangu."

"Na kesho mama yako atakuja kwenye ufunguzi. Utamwambia mimi ni nani?"

Marcella alitoa simu, akampigia mama yake, akaweka sauti kubwa.

"Mama, Jumanne nilikudanganya. Yule mwanaume anaitwa Maroa. Ni Mkuria. Nampenda."

Upande wa pili jogoo akawika huko Rusinga.

"Yuko hapo?" mama akauliza.

"Niko, Mama," Maroa akasema kwa Kijaluo safi. "Nakusalimu."

"Eh! Anaongea kuliko wewe!" mama akashangaa. "Sijasema nimekubali. Kesho nitamwangalia kwa macho yangu."

Simu ikakatika. Maroa akadondosha mkasi, akamnyanyua Marcella juu juu kati ya mibuni, naye akapiga kelele za furaha mpaka Mama Rael akachungulia.

Jumamosi kufikia saa nne hapakuwa na kiti. Madereva walikunywa wamesimama, walimu wakaagiza cha pili, mzee mmoja aliyeapa hawezi kuacha chai akauliza kama hiyo kahawa inauzwa kwa chupa. Mama yake Marcella aliketi kwenye kona, amevaa gomesi lake la zambarau, kikombe mkononi, akimfuata Maroa kwa macho kila alikopita.

Maroa akainama kwenye kaunta, jasho likimtiririka.

"Nikileta wazee wetu Rusinga Desemba kuposa, watafukuzwa?"

Marcella akamimina kahawa mpaka ikamwagika kwenye kisahani.

"Wavuke daraja la Mbita mapema," akasema, akitabasamu na machozi yakimlengalenga. "Samaki asipoe."

"Desemba ni mbali."

"Novemba, basi."

"Oktoba!" mama akaita kutoka kwenye kona. "Na uniongezee kahawa, mwanangu."

Maroa ndiye aliyekimbia na birika.